Ploti uko na hati yake. Domeni je?

Wasee wa Kite, kama mzazi wako amewahi kununua ploti huku, unajua ile drama. Broker anawapeleka kuona hamsini kwa mia mahali fulani kuelekea Isinya, upepo unapiga, vumbi kila mahali, yeye anaonyesha kwa kidole "stima itapita hapa, lami itapita pale". Mnatikisa vichwa tu. Halafu mnarudi nyumbani, na kuna mjomba mmoja wa kujua mambo anatumwa Kajiado kwa ofisi ya ardhi afanye sachi. Hakuna mtu anatoa hata deposti kabla hiyo karatasi haijarudi na jina la mwenyewe. Sote tumesikia story za watu waliojenga mpaka lenta, halafu mwenye shamba akajitokeza na gari na karatasi zake.

Sasa swali. Biashara yako, ama ya mathee, ama ile brandi yako ya nguo unayopost kila Ijumaa, iko na jina lake la intaneti. Hiyo domeni iko kwa jina la nani?

Hujui. Si kukudharau. Hata mimi sikujua, na ilitugharimu.

Anti yangu anashona yunifomu Noonkopir. Ako na mashine mbili za kufuma sweta na wasichana watatu wanaomsaidia msimu ukichemka. Kuna miaka mingi nyuma kijana mmoja wa mtaa alimtengenezea websaiti ya ukurasa mmoja: picha za sweta, ramani, namba ya simu, na imeili yenye jina la biashara. Hiyo imeili ndiyo ilikuwa kitu ya maana. Shule za praivet zinapenda kutuma LPO kwa imeili inayokaa ya biashara, si ile ya Gmail iko na jina lako la utani na mwaka wa kuzaliwa.

Desemba 2023 nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya kutengeneza websaiti na nilijiona nimefika. Nikamwambia Anti, hii websaiti yako ni ya kizamani, wacha nikutengenezee mpya, halafu tuhamie hostingi ya bei nafuu. Akasema, "Sawa baba, lakini usiniharibie kitu." Yule kijana aliyetengeneza ya kwanza alikuwa likizo nyumbani kutoka Doha, kwa hivyo nilimpigia, akanitumia paswadi kwa WhatsApp, akanisomea ile namba ya siri ilikuja kwa simu yake, nikaingia. Hostingi mpya walikuwa wameniandikia maagizo ya mstari mmoja: badilisha sava za majina ziwe hizi mbili. Nikabadilisha. Kesho yake asubuhi websaiti mpya ilikuwa hewani, inang'aa. Nikapost skrinshoti. Mkanipigia makofi kwa komenti, nakumbuka.

Kile sikujua ni kwamba siku hiyo hiyo niliua imeili ya Anti.

Wacha nieleze polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa umri wetu tunapenda kuruka.

Intaneti haijui majina. Inajua namba. Zamani sana, kabla ya 1983, kulikuwa na faili moja tu yenye majina yote ya kompyuta na namba zake, iliyokuwa inatunzwa California, na kila mtu duniani aliichukua kutoka huko. Kompyuta zikazidi, faili ikashindwa, na mwaka huo wa 1983 mhandisi mmoja Mmarekani anaitwa Paul Mockapetris akaandika mfumo wa kugawa hiyo kazi: DNS. Badala ya kitabu kimoja, kila mtu anatunza ukurasa wake. Ukiandika jina linaloisha na .co.ke, swali linaanza juu kabisa kwa sava za mzizi, ambazo zinasema "uliza watu wa .ke". Watu wa .ke ni KENIC, wako hapa Nairobi. Hao nao hawajui websaiti yako iko wapi. Wanajua tu ni sava gani zimeshika ukurasa wako, na wanakuelekeza huko. Hizo ndizo sava za majina. Halafu sava za majina ndizo zinatoa jibu lenyewe, kutoka kwa rekodi zilizoandikwa kwenye huo ukurasa. (Na usidhani kila swali linavuka bahari. Mwaka 2022 ICANN walitangaza wanaweka Kenya kundi la sava za mzizi wanaouendesha, la kwanza la aina hiyo Afrika.)

Kwa huo ukurasa kuna rekodi za aina tofauti. Ile inaitwa A inasema websaiti iko kwa kompyuta gani. Ile inaitwa MX inasema imeili zipelekwe wapi. Ni vitu viwili tofauti kabisa! Fikiria duka la Anti. Duka liko Noonkopir, lakini barua zake zinaenda sanduku la posta, 00242 Kitengela. Kesho akihamisha duka lake aende Kajiado mjini, sanduku halihami naye. Barua zitaendelea kuingia Kitengela mpaka yeye mwenyewe aende posta aseme sasa nataka sanduku la 01100.

Mimi sikubadilisha A peke yake. Nilibadilisha sava za majina, maanake nilichukua ukurasa wote, nikautupa, nikaweka ukurasa mpya ambao hostingi mpya walikuwa wameujaza wenyewe. Na kwa huo ukurasa mpya, MX ilikuwa inaelekeza imeili kwa sava yao. Ambako hakukuwa na sanduku la Anti. Kwa hivyo kila imeili iliyotumwa ilifika mlangoni, ikabisha, ikaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo, ikarudishwa.

Na mbona hatukugundua? Hii ndiyo sehemu inaniuma. Simu ya Anti ilikuwa imeunganishwa na sava ya zamani moja kwa moja, kwa jina la ile kampuni, si kwa jina la domeni. Alikuwa anafungua inboksi na inafunguka sawa kabisa. Tupu tu. Na ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, nani anashangaa kukosa imeili? Yeye alikuwa anafuma. Alikuwa amechukua mkopo wa chama akanunua koni za uzi wa maruni, kwa sababu kuna shule moja imekuwa ikichukua kwake sweta kila Januari, na alijua LPO inakuja.

LPO ilikuja. Ilikuja mara mbili, tuliambiwa baadaye. Basa alikuwa mpya, alichukua anwani kwa faili, akatuma, ikarudi. Akatuma tena, ikarudi. Akafikiri biashara imefungwa. Sweta mia moja na arobaini, kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Tulijua wiki ya kwanza ya Januari, wakati Anti alipanda gari akaenda shule mwenyewe kuuliza. Aliporudi hakunigombeza. Alikaa tu kwa kiti cha mashine akaniuliza, "Hiyo kitu ulifanya, inaweza kurudishwa?" Heri angenigombeza.

Kurudisha, haya. Mimi wakati huo nilijua njia moja tu: kurudi kwa ile akaunti ya domeni niweke sava za majina za zamani. Lakini akaunti ilikuwa ya yule kijana, imeili yake, simu yake. Na yeye alikuwa amerudi Doha, kazini zamu ya usiku. Laini ya Kenya inayopokea namba ya siri alikuwa ameiacha kwa droo ya mamake Mlolongo. Siwadanganyi. Nilipanda matatu mpaka Mlolongo, nikakaa kwa sofa ya mama ambaye sijawahi kukutana naye, tukaweka hiyo laini kwa kabambe, kabambe haina chaji. Tukangoja. Nikaomba namba ya siri, ikachelewa, ikaja imeisha muda. Nikaomba ingine. Mama wa watu akanipikia chai mara mbili. Mara ya tatu ikaingia, nikabadilisha, halafu tukangoja tena, kwa sababu majibu ya DNS yanakaa kwa kumbukumbu za sava huko nje mpaka muda wake uishe. Kuna saizi ya muda inaitwa TTL, inahesabiwa kwa sekunde. 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Fundi mwenye akili anaishusha siku moja au mbili kabla ya kuhama, ndio makosa yakitokea yarekebishike haraka. Nani alinifunza hiyo? Hakuna.

Na sasa sikia aibu yenyewe. Sikuhitaji kwenda Mlolongo. Ukurasa mpya nilikuwa nao mkononi, kwa hostingi mpya. Ningeingia tu kwa sehemu ya rekodi, nifute ile MX waliyoweka, niandike ile ya zamani, na imeili zingeanza kurudi nyumbani. Dakika tano, pamoja na kutafuta chaja. Nililijua hilo miezi miwili baadaye.

Kwa hivyo kosa la kwanza ni langu, na nimelikubali. Lakini niko na maneno kwa watu wengine pia.

Mafundi wa websaiti, tuongee kama watu wazima. Tuko wengi Kite, Rongai, Ngong, kila mtu na laptopu yake. Mteja anakulipa, wewe unanunua domeni kwa akaunti yako, kwa imeili yako, kwa sababu ni rahisi. Wengine wetu hatufikirii, kama yule kijana wa Anti, ambaye ni mtu mzuri na alitusaidia saa nane za usiku. Lakini kuna wale wanafanya makusudi. Wanajua mteja akitaka kuhama itabidi aombe ile namba ya siri ya kuhamisha domeni, na hapo ndipo wanaanza kutopokea simu, ama wanataja bei mara kumi. Jamani, huyo ni broker aliyeuza ploti akabaki na hati. Hatuna jina lingine. Tunamtukana broker kila siku kwa matatu, halafu tunafanya kitu ileile kwa mama wa saluni.

Na wateja nanyi. Mtabishana na fundi wiki mbili juu ya rangi ya logo. Logo! Lakini hamuulizi akaunti ya domeni iko kwa imeili ya nani, inaisha lini, na ni nani atapata ujumbe wa kukumbushwa kulipa. Domeni si kitu unanunua mara moja. Unaikodi mwaka kwa mwaka, na usipolipa mwishowe inaachiliwa na mtu yeyote anaweza kuichukua. Kama ujumbe unaenda kwa imeili ya fundi aliyeacha hiyo kazi akaenda kuuza simu, shauri yako.

Ukitaka kuangalia, KENIC wako na huduma ya kutafuta inaitwa whois kwa websaiti yao. Unaandika jina lako linaloisha na .ke, unaona limesajiliwa kupitia kampuni gani, linaisha lini na sava za majina ni gani. Hiyo ndiyo sachi yako, na haikupeleki mpaka Kajiado. Usitarajie itakuambia yote kuhusu mwenyewe, kwa sababu mambo ya mtu binafsi yanaweza kufichwa. Hapo unamuuliza fundi uso kwa uso.

Rafiki yangu mmoja anasoma hizi post zangu akaniambia, buda, hii stress yote ya nini? Si mtu atumie TikTok, WhatsApp na Gmail aendelee na maisha? Na sitasema hana pointi. Kama unauza smoki pale stage hauhitaji domeni, unahitaji smoki moto na kachumbari ya kutosha. Sitaki kumuuzia mtu shida.

Lakini mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Ile jioni WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima pamoja kwa karibu saa sita, na watu wakaanza kuwasha na kuzima data wakidhani bando imeisha. Mimi niliwasha simu mara tatu. Unajua ilikuwa nini? Walifanya kosa kwenye matengenezo ya mtandao wao, njia za kufikia sava zao za majina zikapotea, na dunia ikawa inauliza "Facebook iko wapi?" na hakuna wa kujibu. Kompyuta zao zilikuwepo, picha zako zilikuwepo, ni majina ndiyo yalikosa mtu wa kuyajibia. Kosa la aina ya langu, kwa watu bilioni kadhaa. Tofauti ni kwamba siku hiyo wewe wa kuuza kwa Instagram haukuwa na cha kufanya isipokuwa kungoja. Ukiwa na jina lako, na funguo zake uko nazo, sava moja ikikufa unaelekeza jina kwa ingine.

Na kuwa mkubwa hakukuondolei hii hatari. Aprili 2013, watu hapa Kenya waliandika google.co.ke wakapata ukurasa mweusi wa mdukuzi. Google yenyewe haikuwa imevunjwa. Rekodi za jina ndizo zilikuwa zimebadilishwa, jina likaelekezwa kwa sava ingine. Mwenye kushika ukurasa ndiye mwenye jina, hata kama jina ni Google.

Kuna jambo lingine lilitupata baada ya hapo, na hili nalipitia haraka. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kukaza masharti kwa watu wanaotuma imeili. Domeni yako sasa inatakiwa iwe na rekodi za kuthibitisha, SPF ama DKIM, na wale wanaotuma zaidi ya 5000 kwa siku kwenda Gmail wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Hizi zinaandikwa kama rekodi za TXT. SPF ni kama orodha inayokaa kwa askari wa geti: hawa ndio wanaruhusiwa kutuma kwa jina langu. DKIM ni mhuri kwa kila barua. DMARC inamwambia askari afanye nini na mtu ambaye hayuko kwa orodha. Anti hakuwa na hata moja. Kotesheni zake zilikuwa zinaingia spamu na shule zinasema "hatujaona kitu". Nilipoziweka zikaanza kufika. Si ngumu, kampuni ya hostingi inakupa maneno yenyewe unakopi tu, lakini angalia usiweke SPF mbili kwa domeni moja. Nimefanya hiyo pia, zinakataliwa zote.

Kitu kinanikasirisha ni kwamba ile kozi nililipia ilitufunza rangi, vitufe, picha kusogea ukishuka chini. Wiki nane. Hakuna siku hata moja tulifungua sehemu ya rekodi tukasoma kilichoandikwa. Tunatoka huko tunajiita wataalamu, tunapewa biashara za watu tushike, biashara ambazo zinalipa karo. Ingekuwa ni stima, mtu angekuwa amekufa.

Siku hizi kabla ya kugusa domeni ya mtu napiga skrinshoti ya rekodi zote, na naziandika pia kwa daftari, kwa sababu simu inaweza kupotea. Mwenyewe anakuwa na nakala. Akaunti inafunguliwa kwa imeili yake, na hiyo imeili isiwe ya domeni ileile, maanake ikikufa utafungiwa nje ya nyumba na funguo ndani. Namba ya siri inaingia kwa simu yake. Kama hajui kutumia, namfunza, hata kama itachukua mchana mzima. Wengine wananiambia nawacheleweshea kazi. Sawa.

Domeni ya Anti ilihamishwa kwa jina lake Machi hiyo. Yule kijana wa Doha alitoa namba ya kuhamisha bila maneno, akakataa hata pesa ya chai. Mamake bado ananisalimia kwa WhatsApp. Zile sweta za maruni, Anti aliuza arobaini kwa bei ya kutupa, zingine akazifumua, uzi akafumia shule ingine yenye mstari wa maruni shingoni. Mkopo wa chama ulimalizika Agosti. Ile shule haijarudi, wameshazoea mtu wao mpya.

Jumamosi niko Kite mchana wote. Kama uko na domeni na hujui iko kwa jina la nani, kuja na simu yako na ile risiti ya kwanza kama bado uko nayo, tuangalie pamoja. Sitaki pesa. Chai itatosha, na chaji ya simu uje nayo kamili.